Felista, Nimelala Roma

Felista,

Nimeuza ng'ombe wawili, nikaenda Roma kulala. Nalitanguliza hilo ili ulisikie kutoka kwangu, kabla hujalisikia kwa kaka yangu Elia, maana siku hizi akisali anamshtakia Mungu habari zangu kwa sauti, na huko uliko sidhani kama kuna kuta.

Siku mnunuzi alipokuja, Elia alifika zizini anahema, fimbo mkononi. Akasema, "Naomi, ng'ombe anauzwa kwa ada. Anauzwa kwa ugonjwa. Anauzwa mtu akifa. Ng'ombe hauzwi kwa usingizi." Nikamjibu, "Wa kwangu anauzwa." Basi. Wiki mbili hakunisemesha. Mkewe ndiye aliyekuwa akipita nyuma ya migomba kuniletea loshoro, mahindi yetu ya maziwa mgando, kwa siri, kama mtu anayepeleka chakula kwenye nyumba yenye msiba.

Na kweli nilikuwa na msiba. Ila ulipokufa hakuna aliyeniletea loshoro. Ndugu akifa watu wanakaa na wewe chini siku tatu. Rafiki akifa wanakupa pole getini, halafu wanakuuliza kama mashuka yameanikwa. Mimi nilirudi kazini kule loji kesho yake baada ya kukuzika kule kwenu Kilema. Vyumba kumi na viwili, Felista, na toroli lako nikapewa mimi.

Sijui kama unakumbuka siku tulipookota kile kitabu. Mgeni alikiacha kwenye kapu la taka, kitabu cha Kiingereza cha kuongoza watalii Roma, kimelowa chai pembeni. Wewe ulikuwa unasoma Kiingereza vizuri kunizidi, na hukuniacha nisahau. Kila mchana, tukishamaliza kula kwenye chumba cha mashuka, ulikuwa unakaa juu ya furushi la taulo chafu na kunisomea. Mtaa kwa mtaa. Baada ya miaka miwili tulikuwa tunajua njia ya kutoka mtoni hadi kwenye zile nguzo za kale kuliko tunavyojua vichochoro vya Levolosi. Nilikuuliza mara moja kwa nini usinisomee Biblia, ukasema, "Wewe Mmeru, Biblia naijua mwisho wake."

Wakati ule Roma ilikuwa mchezo tu. Ikaacha kuwa mchezo siku ya kile kitanda.

Nitaisimulia ile siku kama ilivyokuwa. Najua unaijua. Ni mimi ambaye sijawahi kuisema.

Mgongo ulikuwa umekusumbua wiki nzima. Sote tulidhani ni kazi, nani kati yetu hana mgongo? Tulikuwa chumba cha mwisho kule bustanini, wageni wametoka kwenda mbugani. Ukashika ukuta. Uso ukabadilika rangi. Ukasema, "Naomi, nilindie mlango dakika mbili." Ukajilaza pembeni ya kitanda, miguu ikining'inia nje ili viatu visiguse shuka. Hata katika maumivu yale ulikumbuka shuka.

Mimi nikasimama mlangoni. Halafu simu yangu ikalia. Ilikuwa ni mtu wa pembejeo, Felista, mtu wa mbolea! Nikasogea hadi kwenye miti kule ambako mtandao unashika. Nilipogeuka, yule mgeni wa kike alikuwa ameshaingia. Alirudi kwa sababu alisahau kofia. Nilimwona anatoka na simu ameiinua mkononi.

Kesho yake picha ilikuwa mtandaoni, chini ya jina la loji yetu. Wewe umelala, mdomo wazi, sare ya kijani. Aliandika kwamba wafanyakazi wanalala kwenye vitanda vya wageni na kwamba hajui ni mangapi mengine wanafanya. Jioni picha ilikuwa imefika kwenye makundi yote ya simu, Usa River hadi mjini. Ikamfikia binti yako Jeni kule Sombetini, na walimu wenzake wakamwonyesha wakicheka. Aliniambia mwenyewe siku ya mazishi kwamba alikupigia akakuuliza, "Mama, kwa nini ulilala?" na wewe ukamjibu, "Nilichoka, mwanangu." Basi. Hukumwambia kuhusu mgongo. Hukumwambia kuhusu mlango.

Kwenye kikao cha asubuhi meneja alikusimamisha mbele yetu sote, mpishi, walinzi, watu wa bustani, ukaomba radhi. Akauliza, "Ulikuwa na nani?" Ukasema, "Nilikuwa peke yangu, bosi."

Na mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwako. Niliangalia viatu vyangu. Mpaka leo nakumbuka vilikuwa na tope upande wa kushoto.

Hukunilaumu hata siku moja. Mchana ule ulikaa kwenye furushi lako la taulo, ukakifungua kile kitabu, ukakifunga. Ukasema, "Nitalala kitanda cha hoteli kwa pesa yangu, Naomi. Roma. Nitalala hadi saa nne asubuhi, na mtu mwingine aje atandike. Na wewe utakuja." Ulisema kwa hasira, na mimi nikaitikia kwa aibu. Hivyo ndivyo safari ilivyoanza, sio kwa uzuri wa nguzo za kale.

Miezi mitatu baadaye daktari akasema ugonjwa ulianzia kwenye titi, umeshafika kwenye mifupa ya mgongo. Akiba yako ya Roma ikaishia hospitalini, na ilikuwa halali yake. Wiki ya mwisho uliniita karibu, nikadhani utaniachia neno la Mungu. Ukasema, "Usichague karibu na stesheni." Nikacheka, ukacheka, ukakohoa, na muuguzi akanifukuza.

Kwa hiyo nilipoanza kuchagua, sikuwa nachagua peke yangu.

Nilichagua Jumapili tatu mfululizo, baada ya ibada, nimekaa kwenye ngazi za jikoni na simu yangu yenye kioo kilichopasuka. Watu wanadhani kuchagua hoteli ni kuangalia picha. Sisi tulikuwa tukizitengeneza picha zile, wewe na mimi. Tulikunja taulo zikawa bata maji, tukamwaga maua kitandani, mpiga picha akaja, akaondoka, tukafagia maua. Nikawa nazikataa hoteli kwa kanuni zako, moja baada ya nyingine, nasikia kabisa sauti yako. Bata wa taulo juu ya kitanda: "Godoro bovu hilo, wanakuhadaa macho." Picha sita za dirisha na hakuna ya bafu: "Kimbia." Bafu lipo lakini limepigwa kwa mbali: "Vuta picha uone kona." Nikivuta, kona nyeusi. Na sifa zile wageni wanazoandika chini ya picha sikuzisoma. Nilisoma malalamiko tu, kama ulivyonifundisha, kwa sababu anayesifu anasifu likizo yake, ila anayelalamika anakuambia godoro.

Katikati ya mji, karibu na ile chemchemi kubwa ya kutupia sarafu, bei ilinichekesha mpaka kuku wakakimbia. Karibu na stesheni kulikuwa na vyumba vya bei ya kawaida, lakini ulishasema. Trastevere, ng'ambo ya mto, ule mtaa uliokuwa ukiupenda kwenye kitabu kwa sababu ya kuta zake za rangi ya boga, niliutamani sana. Nikasoma malalamiko: watu wanaimba barabarani hadi alfajiri. Samahani, Felista. Mimi nilikuwa naenda kulala.

Halafu nikafika Testaccio. Wao wanatamka Testacho. Kwenye kitabu chetu ulikuwa na nusu ukurasa tu, mtaa wa machinjio ya zamani. Mgeni mmoja mwanamume alikuwa ameandika kwa uchungu kwamba hapana kitu cha kuona pale, isipokuwa wenyeji wakinunua mboga. Nikasema, huyu amenichagulia mtaa.

Nyumba ya wageni ilikuwa na vyumba vinane tu, juu ya duka la mikate. Bafu lilipigwa picha lote, hadi nyuma ya mlango. Hakuna bata. Hakuna lifti pia, ghorofa ya tatu, hapo ungegoma. Lakini wageni watatu tofauti walikuwa wamemtaja mhudumu wa vyumba kwa jina. Nilda. Mmoja alisema Nilda alimtafutia hereni chini ya kitanda. Nikakumbuka ulichokuwa ukisema, kwamba hoteli ambayo wageni wanajua jina la anayetandika ni hoteli yenye watu ndani yake. Miaka kumi na saba pale loji, wewe jina lako liliandikwa mara ngapi? Hata mara moja. Hata kwenye ile picha hawakuandika jina.

Nikaenda mjini kwa Bi Zarina, yule mama wa tiketi karibu na mnara wa saa, ambaye familia yao iko pale tangu babu yake alipofungua duka la vitambaa. Alinikaribisha chai ya maziwa yenye iliki, akasikiliza yote, akavua miwani. "Mama, nikupe ushauri wa bure. Andika kwamba unakwenda hija. Roma kila mtu anakwenda hija. Hakuna atakayeuliza swali."

Nikamwambia, "Bi Zarina, mimi ni Mlutheri wa Nkoaranga. Nikahiji kwa nani?"

Alicheka hadi akaweka kikombe chini. Kisha akawa makini. "Watauliza kwa nini mtu anayefanya kazi hotelini akalale hotelini."

"Waambie hiyo ndiyo sababu."

Hakubishana tena. Alijaza fomu kwa mwandiko wake mzuri, na pale penye dhumuni la safari akaandika mapumziko. Neno hilo nililiangalia kwa muda mrefu. Sijawahi kuliona karibu na jina langu. Meneja naye, aliponisainia barua ya likizo, aliniuliza mara mbili kama natoroka. Nikamwambia ningetaka kutoroka ningeanzia Moshi, nauli ni nafuu. Viza ikatoka. Pasipoti yangu ilipofika nilimpelekea Elia aione. Aliigeuza-geuza akairudisha, akasema, "Uende salama." Ni mtu mzuri kaka yangu. Ila hajawahi kutandika kitanda.

Sasa nikuambie Roma.

Kutoka uwanja wa ndege nilipanda treni hadi Ostiense, nikatembea na begi langu, na mbele yangu katikati ya magari kulikuwa na piramidi. Piramidi, Felista, kama ya Misri! Nusu ukurasa wetu ulisahau kusema. Nikavuka barabara, nikauliza njia kwa mama mmoja mwenye mbwa, akanishika mkono hadi kwenye kona. Ngazi za ghorofa tatu nilizipanda nikihesabu kwa Kimeru. Chumba kilikuwa kidogo na cheupe. Nikainama, nikaangalia pembe za shuka. Zilikuwa zimekunjwa na mkono unaojua. Nikalala na nguo za safari.

Asubuhi niliamka kumekucha kidogo, nikaoga, nikatoka bafuni. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Nikashtuka nikadhani mtu ameingia. Kumbe ni mimi. Nilikuwa nimekitandika kabla ya kuoga na mikono yangu haikuniuliza. Nilisimama pale na taulo kichwani, na hasira iliyonipata, Felista, sikuwahi kuwa nayo hata kwenye mazishi yako. Nikavuta shuka. Nikang'oa pembe zote nne. Nikatupa mito chini, mmoja mmoja. Halafu nikapanda katikati kabisa ya kitanda, viatu nimevua maana mimi si mshenzi, nikajifunika na nikalia hadi usingizi ukanichukua. Niliamka saa nne na nusu. Saa nne na nusu! Mgeni wa halali, nimelipa, na hakuna mtu duniani aliyekuwa na haki ya kunipiga picha.

Kilichoniamsha ni mlango kugongwa. Nilda. Mwanamke mfupi, wa umri wetu, kutoka Peru, nilikuja kujua baadaye. Akaniona kitandani, akaomba radhi akirudi nyuma. Nikamwita. Kiingereza chake na changu vilikuwa vinachechemea miguu tofauti. Nilipomwambia kwamba na mimi ni mhudumu wa vyumba, hakuamini. Nikaokota mto, nikachukua foronya, nikauingiza kwa ule mkupuo wetu mmoja. Akapiga makofi! Akauchukua wa pili, akauingiza kwa mtindo wao. Tukacheka kama wasichana.

Kisha akaweka mkono kiunoni. Mahali pale pale ulipokuwa ukiweka wewe.

Nikamwonyesha kitanda, akae. Akatikisa kichwa. Nikamvutia kiti. Akakaa ukingoni, labda kwa muda wa kumaliza kikombe cha kahawa, na muda wote ule macho yake hayakutoka mlangoni. Basi nikainuka nikaenda kusimama mlangoni. Simu yangu niliiacha mezani. Nilisimama, Felista, mgongo wangu kwake na uso koridoni, na aliposema asante na kuinuka, sikutaka aondoke. Hakujua kwamba zile dakika hazikuwa zake peke yake.

Siku nne zilizobaki nililala nilivyotaka. Nilikwenda sokoni nikaona wenyeji wakinunua mboga, na yule bwana wa malalamiko alikuwa mjinga, maana palikuwa na akina mama wanaominya nyanya na kununa kama sisi kabisa. Nilionyeshwa kilima chao, kilichotokana na vigae vya mitungi ya mafuta iliyotupwa zamani za kale, na mtu aliyenionyesha akakiita mlima. Mimi, niliyezaliwa na Meru iko mlangoni! Nikamwambia ni mzuri. Zile nguzo nilizipitia mara moja, kwa ajili yako. Ni kubwa. Zimevunjika. Nilirudi kulala.

Nimerudi kazini Jumatatu iliyopita. Kwenye kikao cha asubuhi meneja aliniambia niwasimulie wenzangu Roma, akitabasamu, akingoja habari za Papa. Nikasimama nikasema kwamba siku ya ile picha Felista alikuwa mgonjwa, ugonjwa uliomuua ulikuwa tayari mgongoni mwake, na hakuwa peke yake. Mimi nilikuwa mlinzi wa mlango, nikaondoka. Alisema uongo kunikinga na mimi nikamwacha aseme. Nikasema, "Na alijilaza pembeni, miguu nje. Hata kiatu hakikugusa shuka."

Hata mpishi aliacha kutafuna.

Meneja akasema si mahali pake. Nikamwambia, "Hapa ndipo alipoomba radhi, kwa hiyo ni hapa hapa." Nikamwambia pia kwamba kwenye chumba cha mashuka kuna godoro tangu saa kumi na mbili asubuhi, nimelileta mimi kutoka nyumbani, na mhudumu yeyote ambaye mgongo umemkataa atajilaza dakika kumi, mwenzake akiwa mlangoni. Kama ni kosa, aniandikie barua. Aliondoka. Mchana alikuja kuliangalia. Alisimama juu yake, mikono mfukoni, kisha akasema liwekwe mbali na pasi lisije likaungua. Barua haijaja. Tangu Jumatatu wamelilalia wanawake watatu, mmoja ana mimba ya miezi saba, na hakuna aliyekimbia kujibu simu.

Bado moja, na ndilo gumu. Jeni. Anafundisha watoto wa watu na kichwani ana mama aliyelala kwa uchovu kwenye kitanda cha mgeni. Ulimwachia hivyo ili mimi nibaki msafi. Sikubali, Felista. Zawadi hiyo nakurudishia. Jumapili hii nakwenda Sombetini, nitamwambia kila kitu, mgongo, mlango, mtu wa mbolea, viatu vyangu. Najua hasira yake, ameirithi kwako. Huenda akanitoa nje. Akinitoa, nitakaa barazani kwake hadi jua lizame, na Jumapili inayofuata nitarudi, na inayofuata, mpaka siku atakayonifungulia aniulize mama yake alikuwa mtu wa namna gani. Nakuahidi nitakuwa na majibu ya kutosha.

Kwaheri, Mchaga wangu.

Naomi